Kwa Nini Mifereji ya Serikali Hukauka

Haya ni maneno yaliyozungumzwa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia waliokutana kuzungumzia mradi wa kunyunyizia mashamba unaopendekezwa bondeni. Wajumbe wengi waliomba yaandikwe ili wakayasome pamoja na wenzao waliobaki nyumbani.

Najua wengine mmetoka nyumbani alfajiri, na wengine mmeacha ng'ombe hawajakamuliwa. Sitawachosha.

Mnajua jambo lililotuleta hapa. Wageni walikuja na ramani. Wakasimama pale kando ya mto wakatuonyesha kwa kidole: pampu itakaa hapa, mfereji mkubwa utapita huku, ploti za ekari mbili mbili zitakuwa kule. Wakatuambia tutie sahihi kabla ya mwisho wa mwezi. Wengi wetu tulipiga makofi. Hata mimi nilipiga. Ni nani asiyetaka maji, na hali mvua ya mwaka jana ilipita juu yetu ikaenda zake?

Lakini usiku ule sikulala vizuri, maana mimi nililelewa ndani ya mradi wa serikali. Baba alikuwa na ploti ya mpunga mwisho kabisa wa mfereji, mahali tulipopaita mkiani. Tulikuwa tukiamshwa usiku wa manane, tunashika kurunzi, tunakwenda kuangalia kama maji yamefika. Mara nyingi hayakuwa yamefika. Walio juu walikuwa wameyamaliza.

Mwaka mmoja pampu iliharibika wakati mpunga unachanua. Kilichovunjika kilikuwa beringi moja tu. Fundi wa pale alijua kuitengeneza, lakini hakuwa na ruhusa ya kununua hata msumari. Barua ikaandikwa kwenda makao makuu. Ikajibiwa, ikarudishwa, ikaenda tena. Siku beringi ilipofika, mpunga ulikuwa umekwisha kuwa majani ya ng'ombe. Mpunga ulikufa, lakini deni la mbolea halikufa. Muhula ule mimi sikurudi shuleni.

Sikuja hapa kuwaambia mkatae maji. Nimekuja ili tuulizane: kwa nini miradi mingi ya namna hii huanza kwa ngoma na kuishia kwa magugu? Tukijua sababu, tutajua la kuuliza kabla ya kushika kalamu.

Ilivyoanza

Miradi mikubwa ya kwanza ya kunyunyizia mashamba katika nchi yetu, yaani Mwea, Perkerra na Hola, ilianzishwa miaka ya 1950 wakati wa Hali ya Hatari. Sehemu kubwa ya mitaro ilichimbwa na watu waliofungwa kizuizini. Kule Hola, mwezi wa Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa walipokataa kulazimishwa kufanya kazi hiyo. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza mradi ulikuwa mahali pa amri. Mwenye mfereji alikuwa mkubwa, na mwenye jembe alikuwa wa kuambiwa.

Uhuru ulikuja. Mwaka 1966 ikatungwa sheria na kuundwa Bodi ya Kitaifa ya Unyunyizaji. Lakini tabia ile ya amri haikuondoka. Mkulima hakuwa mwenye shamba, alikuwa mpangaji mwenye leseni. Meneja ndiye aliyesema ulime lini, upande nini, na maji yafunguliwe lini. Mavuno yalikwenda kwa bodi, gharama zikakatwa huko huko, na mkulima akaletewa kilichobaki. Ukienda kinyume, leseni ingeweza kufutwa, nawe ukatoka na familia yako.

Tusiseme uongo. Mwea ilifanya vizuri miaka mingi kuliko miradi mingine yote. Ina udongo mzito unaoshika maji, na maji ya mito ya Nyamindi na Thiba hushuka yenyewe mpaka shambani bila pampu. Watu walivuna na watoto wakasomeshwa. Lakini chini ya mavuno hayo kulikuwa na manung'uniko. Mkulima hakujua bei ilipangwaje wala makato yalihesabiwaje. Wana walikua, na ploti ikabaki ile ile. Akina mama walipanda, wakapalilia na kuvuna, lakini pesa zililipwa kwa mwenye leseni, ambaye mara nyingi alikuwa mume. Mama aliyeshinda matopeni mchana kutwa alirudi nyumbani akatafuta kuni na unga kwa pesa za kuomba.

Mwaka 1998 wakulima wa Mwea walichoka. Walikataa kupeleka mpunga kwa bodi, wakaupeleka kwa chama chao cha ushirika. Mapema mwaka 1999 kulitokea vurugu na polisi, na watu wakafa. Wakulima walishinda, na mradi ukawa mikononi mwao.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo watu wengi hawaisimulii. Baada ya ushindi, mifereji ilianza kujaa mchanga. Mashamba mapya ya mpunga yalifunguliwa nje ya mipaka, nayo yakanywa maji yale yale. Hakukuwa na mtu wa kusema, "Leo ni zamu ya fulani," akasikilizwa na wote. Mwaka 2003 ilibidi pande mbili zikae chini zigawane kazi. Bodi ikashughulikia vizuizi vya mtoni na mifereji mikubwa. Chama cha watumiaji maji kikasimamia mitaro midogo, zamu na ada ya maji. Kwa hiyo Mwea inatufundisha mambo mawili: serikali peke yake ilishindwa, na wakulima peke yao walipata taabu.

Bura, Hola na nyanda za Kano

Mwea ndiyo iliyokuwa afadhali. Haya, twendeni Bura, kando ya mto Tana.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ilikopa pesa kutoka Benki ya Dunia na kwa wafadhili wengine ili ilime hekta 6,700 za pamba na mahindi kule Bura. Familia zilichukuliwa kutoka sehemu mbali mbali za nchi zikahamishiwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1980. Gharama zilipanda mpaka mradi ukajulikana duniani kote kwa ughali wake. Mwisho wake ni kama hekta 2,500 tu zilizotengenezwa. Mpango ulikuwa kwamba siku moja maji yashuke yenyewe kwa mfereji kutoka juu ya mto. Pampu za dizeli zilikuwa za kushikilia kwa muda tu. Lakini pesa za mfereji huo hazikupatikana, na pampu za muda zikawa za kudumu. Ziliharibika mara kwa mara. Pamba haiwezi kungoja maji muda mrefu. Baadaye kilimo kilisimama, na familia nyingi zikabaki bila maji shambani na bila nauli ya kurudi kwao. Mradi ulikuja kufufuliwa miaka ya 2000, na mfereji ule wa maji kushuka yenyewe ulianza kuchimbwa miaka zaidi ya thelathini baada ya ramani ya kwanza kuchorwa.

Na wenyeji je? Wafugaji wa Orma walikuwa na njia zao za kunyweshea mifugo mtoni, wanazoziita malka. Mashamba yalikaa katikati ya ng'ombe na mto. Ramani ilionyesha udongo na maji, lakini haikuonyesha nyayo za ng'ombe. Mkisikia ugomvi wa wakulima na wafugaji mahali kama hapo, kumbukeni mwenye kuchora ramani.

Hola nayo ilipatwa na jambo lingine. Mwaka 1989 mto Tana ulihama mkondo wake, na kituo cha pampu kikabaki kimesimama mahali pakavu. Mto wa tambarare huhama. Wazee wa Pokomo walioishi nao na kulima kingoni kwa kufuata mafuriko wanalijua jambo hilo tangu zamani. Basi uliza: katika kuchagua mahali pa pampu, wazee waliulizwa?

Huko nyanda za Kano, mradi wa Ahero huvuta maji ya mto Nyando kwa pampu. Ule wa Kano Magharibi huvuta maji kutoka ziwani kwa pampu, halafu maji yakishatumika huyatoa tena kwa pampu kuyarudisha ziwani. Yaani maji yanalipiwa kuingia na yanalipiwa kutoka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 miradi hiyo ilisimama kwa muda, maana mzigo wa bili za stima ulikuwa mkubwa na bodi ilikuwa imeishiwa. Hakuna aliyekuwa mvivu. Hesabu ndiyo iliyokataa.

Msifikiri haya ni ya zamani tu. Mwaka 2014 ulizinduliwa mradi wa Galana Kulalu. Zilitajwa ekari milioni moja, na likaanzishwa shamba la majaribio la ekari 10,000. Mwaka 2019 mkandarasi aliondoka na kazi haijakamilika.

Sababu ni zipi?

Ndugu zangu, nimezipanga sababu hizi nne ili mwenye kuandika aandike.

Kwanza, mradi hupangwa na watu ambao hawatalala njaa ukishindwa. Injinia hulipwa mfereji ukikamilika. Mkandarasi hulipwa saruji ikimwagwa. Benki hurudishiwa mkopo wake na serikali hata kama hakuna gunia hata moja lililovunwa. Ni mkulima peke yake anayelipwa maji yakifika. Kwa hiyo yeye ndiye angepaswa kuulizwa wa kwanza, na mara nyingi huulizwa wa mwisho.

Pili, pesa za kujenga hupatikana kuliko pesa za kutunza. Mfereji mpya hufunguliwa na mkubwa, kuna utepe na picha gazetini. Je, mmewahi kuona mkubwa akija kukata utepe kwa sababu mtaro umezolewa mchanga? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Miradi yetu mingi haizibi ufa. Hungoja ukuta uanguke, halafu huomba mkopo wa kuujenga upya.

Tatu, aliye juu na aliye mkiani hawana haja sawa. Hapa nataka niwape mfano wa mbali. Yuko mtaalamu Mmarekani aliyeitwa Elinor Ostrom, ambaye mwaka 2009 alipewa tuzo ya Nobel ya uchumi. Yeye na wenzake walilinganisha mifereji mingi katika milima na mabonde ya Nepal. Mingine ilijengwa na serikali kwa saruji na chuma. Mingine ilijengwa na wanakijiji kwa mawe, miti na matope. Mngetegemea ya saruji ishinde. Walikuta kwamba kwa jumla mifereji ya wanakijiji ndiyo iliyofikisha maji mkiani vizuri zaidi na kutoa mavuno zaidi.

Sababu yake ni hii. Kizuizi cha matope hubomoka kila mwaka. Aliye juu hawezi kukitengeneza peke yake, anahitaji mikono ya wale wa mkiani. Naye wa mkiani husema, "Nitakuja na jembe langu, lakini nataka zamu yangu ya maji." Hivyo wanaheshimiana. Saruji ikija bila mapatano, aliye juu hamhitaji tena mwenzake. Anafungua lango, ananywesha shamba lake, analala. Si kwamba saruji ni mbaya. Ubaya ni kuleta saruji na kuua ule mkataba wa watu.

Hatuna haja ya kwenda Nepal ili kuona hayo. Katika bonde la Kerio, Wamarakwet wana mifereji iliyodumu karne kadhaa, inayoteremsha maji kutoka milimani. Kila mfereji una ukoo wake. Zamu zinajulikana. Mfereji ukibomoka wanaume huitwa, na asiyekuja bila sababu hutozwa faini. Wazee hukaa katika baraza lao, kokwo, na kuamua kesi za maji. Sitaficha kwamba kwa desturi wanawake hawakuwa na sauti katika mambo ya mfereji, na hilo sisi hatuna haja ya kuliiga. Lakini jambo moja tuliige: kila mtu anajua mfereji ni wa nani, na ni nani atakayeuzibua kesho asubuhi.

Nne, maji si soko. Unaweza kupata maji tele ukabaki maskini. Ukilazimishwa kupanda zao moja, ukauza kwa mnunuzi mmoja, na malipo yakachelewa mwaka mzima, maji hayo yatakuongezea deni tu. Pamba ilitufundisha. Hata sasa nchi yetu hununua kutoka nje mchele mwingi kuliko inaolima, lakini bado mkulima wa mpunga hukutana na dalali mlangoni anayetaja bei apendavyo. Chama cha ushirika kibovu nacho kinaweza kuwa dalali mwingine mwenye mhuri. Basi tusichague viongozi kwa sababu wanaongea vizuri.

Tuulize nini kabla ya kutia sahihi?

Sheria imebadilika. Sheria ya mwaka 2019 iliweka Mamlaka ya Kitaifa ya Unyunyizaji mahali pa ile bodi ya zamani, na inavitambua vyama vya watumiaji maji. Kaunti nazo zina sehemu yao katika kazi hii. Mambo mengine yamesonga mbele: bwawa la Thiba lililokamilika mwaka 2022 limewapa wakulima wa Mwea akiba ya maji waliyoingoja miaka mingi. Kwa hiyo mlango uko wazi kuliko zamani. Lakini sheria haiwezi kuingia bondeni ikatuulizia maswali. Ni sisi tutakaouliza.

Nawashauri tuwaulize wageni wetu maswali sita, na majibu tuyapate kwa maandishi.

1. Je, maji hayawezi kushuka yenyewe kutoka juu? Kama ni lazima pampu, dizeli au stima ya msimu mmoja ni shilingi ngapi kwa ekari, na nani atailipa mwaka wa tatu mfadhili akiwa ameondoka?

2. Pampu ikivunjika siku ya Ijumaa, ni nani ana ruhusa ya kununua kipuri Jumamosi, na pesa hizo ziko katika akaunti gani?

3. Shamba litakuwa la nani? Tutabaki na ardhi yetu, au tutakuwa wapangaji? Jina la mama litaandikwa karibu na la baba? Mwenye ploti akifa, mjane na watoto watabaki?

4. Mwezi wa kiangazi mto ukipungua, maji yanatosha ekari ngapi? Si mwezi wa mvua, mwezi wa kiangazi. Na jirani zetu wa chini ya mto watakunywa nini?

5. Ng'ombe na mbuzi watapita wapi kwenda mtoni? Njia hiyo iko kwenye ramani?

6. Tunaweza kupanda tunachotaka na kumwuzia tunayemtaka?

Wakijibu vizuri, mimi nitakuwa wa kwanza kubeba koleo. Wakikasirika kwa sababu tumeuliza, basi hilo nalo ni jibu.

Na kuna maswali ya kujiuliza sisi wenyewe, kabla ya kumnyoshea mtu kidole. Mnakumbuka tangi la shule. Lilijengwa kwa harambee, kila nyumba ilitoa. Bomba lake limevuja tangu lini? Kila mmoja wetu hupita pale, hutazama, husema, "Kamati iko wapi?" Kamati ni sisi. Tukishindwa na bomba moja, mfereji wa kilomita nne tutauweza? Afadhali tuanze na dogo. Kikundi cha akina mama wa kule mlimani walianza na mtaro mfupi wa mboga, kila mmoja akitoa shilingi kidogo kila wiki za kununua mfereji wa mpira. Si jambo kubwa. Lakini wana daftari, wana zamu, na aliyekosa zamu hulipa. Siku saruji itakapofika kwao, itakuta mapatano yameshakuwapo.

Baba yangu hakuwa mvivu. Jirani zake hawakuwa wavivu. Hata yule meneja hakuwa mtu mbaya, maana mimi nilimjua, na watoto wake tulicheza nao. Lakini beringi ya pampu ilikuwa mikononi mwa mtu aliye mbali, ambaye mpunga wetu haukuwa chakula chake. Nimefikiri juu ya beringi ile miaka mingi, na hilo ndilo nililotaka niwaachie leo.

Nendeni mkazungumze katika vikundi vyenu. Tukutane tena hapa baada ya wiki mbili, kila kikundi kije na majibu yake. Sahihi zingoje mpaka siku hiyo.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

Katika eneo letu, ni mradi gani ulioanza vizuri ukafa? Ulikufa kwa sababu gani kati ya zile nne?

Ni kitu gani cha umma kinachohitaji kutengenezwa wiki hii, na ni nani kati yetu atakayekitengeneza?

Katika kikundi chetu, aliye "mkiani" ni nani, na mara ya mwisho tulimsikiliza lini?